Kuchagua flashi ya nje kwa pesa kidogo: mwongozo kamili

Itazame picha iliyopigwa usiku kwa ile flashi ndogo inayochomoza juu ya kamera. Paji la uso linang'aa kama limepakwa mafuta, macho ni mekundu, na nyuma ya kichwa kuna kivuli cheusi kilichobandikwa ukutani. Sasa mpige mtu yuleyule, chumba kilekile, kwa kamera ileile, ila flashi ya nje iwe imegeuzwa kutazama dari. Mwanga unashuka kutoka juu, mashavu yanapata umbo, na kivuli kinaangukia chini mgongoni kisionekane. Lenzi haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba safari hii flashi ina kichwa kinachogeuka.

Nalisema hili mapema kwa sababu wengi huanza na swali la nguvu, au na orodha ya vitu vya kujiendesha vilivyoandikwa kwenye boksi. Nimepiga sherehe, mikutano na picha za familia kwa flashi za bei nafuu kwa miaka mingi, na mpangilio ninaoufuata ni huu: kwanza flashi ikubaliane na kamera, pili kichwa kigeuke, tatu nguvu itoshe kuupiga mwanga darini na kurudi. Vitu vingine vyote vinakuja baada ya hapo, na vingi unaweza kuvikosa bila kuharibu picha hata moja.

Hatua ya 1: Ikague kamera kabla ya kutafuta flashi

Tazama juu ya kamera, pale penye reli mbili za chuma. Hapo nitapaita soketi, na kile kipande cha chini cha flashi kinachoingia hapo nitakiita mguu. Katikati ya soketi kuna duara dogo la chuma. Hiyo ndiyo pini kuu, ndiyo inayoiambia flashi iwake, na kampuni karibu zote huiweka mahali palepale. Pini ndogo zinazoizunguka ni lugha ya siri ya kila kampuni: za Canon zimepangwa kivyake, za Nikon kivyake, za Fujifilm kivyake. Ndiyo maana flashi isiyo na mambo ya kujiendesha, yenye pini moja tu mguuni, huwaka kwenye kamera za kampuni nyingi, lakini flashi ya TTL, yaani ile ambayo kamera yenyewe huipangia kiasi cha mwanga, lazima uinunue iliyotengenezwa kwa ajili ya kampuni ya kamera yako. Kwa Godox, mojawapo ya kampuni za flashi za bei nafuu, utaona herufi mwishoni mwa jina: C kwa Canon, N kwa Nikon, S kwa Sony, F kwa Fujifilm, O kwa Olympus na Panasonic. Kosea herufi moja tu na flashi itabaki kuwaka kama ya pini moja, tena ukibahatika.

Kuna mtego hapa, na umewanasa watu wengi wanaoanza. Canon iliiondoa ile pini ya katikati kwenye baadhi ya kamera zake za bei ya chini, zikiwemo EOS 2000D, 4000D na 250D. Kamera hizi, ambazo ndizo hununuliwa na mtu mwenye bajeti ndogo, haziwashi kabisa flashi ya pini moja. Unaichomeka, inakaa vizuri, taa ya tayari inawaka, unabonyeza, kimya. Flashi haina ubovu wowote. Mwenye kamera hizi anunue flashi ya TTL iliyotengenezwa kwa Canon, na muuzaji athibitishe kwamba inafanya kazi na modeli hiyo kwa jina lake.

Wenye Sony nao watazame mwaka. Kabla ya 2012 kamera zake zenye kioo ndani (DSLR) zilikuwa na soketi ya umbo la pekee iliyorithiwa kutoka Minolta, na mguu wa kawaida hauingii humo bila adapta. Kuanzia 2012 Sony ilihamia soketi mpya inayokubali mguu wa kawaida.

Jambo la mwisho kwenye kamera ni shata, yaani pazia linalofunguka na kufunga ili mwanga uingie. Fungua kitabu chake utafute kasi ya juu kabisa ya shata inayoruhusiwa pamoja na flashi. Mara nyingi ni 1/200 au 1/250 ya sekunde, wakati mwingine 1/160. Iandike pembeni, tutairudia. Na kama kamera yako ina hali ya kupiga kimya, yaani shata ya kielektroniki, ujue kwamba kwenye kamera nyingi hali hiyo huizima flashi. Nimeshawahi kupigiwa simu na mwenzangu akiwa tayari kurudisha flashi mpya dukani, kumbe hali ya kimya ilikuwa imebaki imewashwa tangu ibada ya asubuhi.

Hatua ya 2: Kichwa

Shika flashi mkononi, au itazame vizuri kwenye picha za muuzaji. Kichwa kinatakiwa kifanye mambo mawili: kiinuke hadi kutazama juu wima, na kizunguke kushoto na kulia. Ziko flashi za bei ya chini kabisa zenye kichwa kisichosogea. Ziache. Hizo ni ileile flashi ndogo ya kamera, imeinuliwa tu sentimita chache.

Ziko pia zinazoinuka lakini hazizunguki, na hizi ndizo hudanganya macho. Kamera ikiwa imelala unainua kichwa, unapiga darini, kila kitu kinapendeza. Kisha unaisimamisha kamera kwa picha ya wima, na kile kichwa kilichokuwa kinatazama dari sasa kinatazama ukuta wa pembeni. Nusu ya uso inapata mwanga, nusu inazama gizani. Kama unapiga watu, na watu husimama, picha za wima zitakuwa sehemu kubwa ya kazi yako, kwa hiyo kuzunguka si anasa. Flashi kama Godox TT600 au Yongnuo YN560 IV zinainuka hadi nyuzi 90 na kuzunguka hadi 270, na ziko upande wa chini wa bei.

Kwa nini dari ibadilishe picha kiasi hicho? Mwanga huwa laini kadiri chanzo chake kinavyokuwa kikubwa mbele ya anayepigwa. Uso wa flashi ni mdogo kama kiganja cha mtoto. Ukiupiga mwanga wake darini, doa la mwanga linalotokea pale juu lina upana wa mita nzima au zaidi, na doa hilo ndilo sasa linalomwangaza mtu. Lakini dari hugawa rangi yake pia. Niliwahi kufanya kazi katika ukumbi wenye dari ya mbao nyekundu nyekundu, nikapiga darini kwa mazoea bila kutazama juu; nyuso zote zikatoka na rangi ya matofali, na hakuna marekebisho ya kompyuta yaliyozirudisha sawasawa. Dari nyeupe, ndiyo. Dari ya rangi, geuza kichwa kuelekea ukuta mweupe. Ukikosa vyote viwili, mwambie rafiki ashike karatasi kubwa nyeupe pembeni yako.

Hatua ya 3: Soma namba ya nguvu bila kudanganyika

Kwenye boksi utaona herufi GN na namba, mfano GN 60. Maana yake ni rahisi: gawanya namba hiyo kwa umbali wa mita, utapata tundu la lenzi linalofaa kwa ISO 100 (ISO ni kipimo cha wepesi wa kamera kupokea mwanga) flashi ikitoa nguvu yote. GN 60 kwa mita 10 inakupa f/6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni pana zaidi). Basi.

Ujanja wa matangazo uko kwenye zumu ya kichwa. Ndani ya kichwa kuna kioo cha plastiki na taa inayosogea mbele na nyuma ili kuubana au kuutawanya mwanga. Ukibanwa kama kurunzi, namba hupanda. Ukitawanywa kuenea chumba, namba hushuka sana. Watengenezaji huandika ile ya kubanwa. Canon 580EX ni mfano mzuri kwa sababu jedwali lake liko wazi: ina GN 58 zumu ikiwa 105 mm, na GN 28 zumu ikiwa 24 mm. Flashi moja, nguvu moja, namba mbili. Kwa hiyo usilinganishe GN 60 ya flashi hii na GN 58 ya ile kabla hujaona kila moja imepimwa kwa zumu gani. TT600 inatangazwa 60 kwa 200 mm. YN560 IV inatangazwa 58 kwa 105 mm. Anayesoma namba peke yake ataona ya kwanza ina nguvu zaidi, jambo ambalo namba hizo hazithibitishi.

Sasa twende kwenye hesabu yenye faida kwako, ile ya kupiga darini. Chukua flashi kubwa ya kawaida ambayo kwa zumu ya wastani ina GN ya 36 hivi. Mwanga unapanda mita 2 hadi darini, unashuka mita 3 hadi usoni. Jumla mita 5. Gawanya 36 kwa 5, unapata f/7 na ushee. Lakini dari haiurudishi mwanga wote. Hata iwe nyeupe, hesabu umepoteza kama stopu 2, yaani imebaki robo. Hapo tundu linashuka hadi f/3.6. Sasa pandisha ISO kutoka 100 hadi 400: unarudishiwa zile stopu 2, uko tena f/7. Ukipiga kwa f/4, ambayo wengi wetu tunaipenda ndani ya ukumbi, flashi inahitaji kutoa kama theluthi tu ya nguvu zake.

Rudia hesabu hiyo kwa flashi ndogo yenye nusu ya GN, yaani 18. Nusu ya GN si nusu ya mwanga, ni robo. Kwa ISO 400 unafika f/3.6, na hapo flashi imetoa nguvu yote iliyonayo, kila picha, na bado hujafika f/4. Ile kubwa inafanya kazi ikihema kwa utulivu, hujichaji kwa sekunde moja hivi na kuwa tayari. Ile ndogo inahangaika, inachemka, na inakukosesha tabasamu la pili kwa sababu bado inajichaji.

Ndiyo sababu kwa mtu anayepiga ndani ya nyumba na kumbi sipendekezi flashi ndogo za betri mbili kama flashi ya kwanza. Zina mahali pake: Godox TT350, kwa mfano, ni nyepesi na haiilemei kamera ndogo isiyo na kioo (mirrorless), na kama wewe ni wa safari na picha za karibu, itakufaa. Lakini ujue unachokiacha.

Na ukikuta flashi isiyojulikana, ndogo, ya bei ya kutupa, inayotangaza GN kubwa kuliko ya flashi kubwa zote, usibishane nayo. Pita.

Hatua ya 4: TTL au kwa mkono

Hapa ndipo bei hugawanyika. Flashi ya mkono inakutaka wewe uchague nguvu: 1/1, 1/2, 1/4, na kuendelea hadi 1/128, kila hatua ikiwa nusu ya iliyotangulia. Flashi ya TTL hutoa mmweko mdogo wa kupimia kabla tu ya picha, kamera inaupima kupitia lenzi, halafu inaiambia flashi itoe kiasi gani. Yote hutokea haraka mno kwa jicho kutenganisha.

Watu huambiwa kwamba flashi ya mkono ni ya studio tu. Sikubaliani. Ukipiga mwanga moja kwa moja usoni, naam, umbali ni mkali: mtu akisogea kutoka mita 2 hadi mita 4, mwanga unaomfikia unashuka hadi robo. Ila ukipiga darini, mwanga unatoka juu na kutapakaa, na mtu akisogea hatua moja mbele au nyuma tofauti ni ndogo. Jaribu hivi ukiwa chumbani: kamera kwenye hali ya M, ISO 400, f/4, shata 1/125, kichwa darini, nguvu 1/4. Piga. Picha ikiwa na giza, panda hadi 1/2. Ikiwa imeungua, shuka hadi 1/8. Baada ya picha tatu au nne umeshaipata namba ya chumba hicho, na itakuhudumia humo jioni nzima. Picha zote zitafanana mwanga, jambo ambalo TTL haikuahidi: bibi harusi mwenye nguo nyeupe akijaza fremu, TTL huona weupe mwingi na kupunguza mwanga, bwana mwenye suti nyeusi akisogea, huongeza. Unabaki kurekebisha picha moja moja usiku kucha.

TTL inastahili pesa yake pale unapokimbia. Msafara unaingia kutoka nje kwenda ndani, watu wanatoka mita 1 hadi mita 6, dari inabadilika, huna nafasi ya kujaribu. Kama hiyo ndiyo kazi inayokuletea mkate, nunua TTL, na hakikisha ina hali ya mkono pia (karibu zote zinayo). Godox TT685 II ni mahali pazuri pa kuanzia utafutaji. Kama unajifunza, unapiga picha za watu uliowapanga, bidhaa, au familia nyumbani, nunua ya mkono, na pesa iliyobaki ina kazi katika Hatua ya 6 na ya 7.

Hatua ya 5: HSS, kwa ufupi

Ile kasi ya shata uliyoiandika pembeni ina sababu. Shata ya kamera nyingi ina mapazia mawili. Ukizidi 1/200 au 1/250, pazia la pili linaanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza kufungua, na mmweko mmoja unaangaza kipande tu cha picha. Kingine kinabaki na mstari mweusi. HSS hulitatua hili kwa kuifanya flashi itoe mimweko mingi ya haraka wakati ufa kati ya mapazia unapita. Gharama yake ni nguvu: mwanga hupungua sana, na betri huisha mapema.

Unaihitaji kama unapiga watu nje juani kwa tundu pana kama f/1.8 au f/2.8. Ndani ya nyumba hutaihitaji. Na soma kwa makini: TT600 inatangazwa kuwa na HSS, lakini inaipata ikiwa mbali na kamera, ikiongozwa kwa redio na triga ya Godox (kifaa kinachokaa juu ya kamera na kuiamuru flashi iwake), ukiichomeka juu ya kamera ina pini moja tu, haina HSS. YN560 IV haina kabisa.

Hatua ya 6: Redio ndani ya flashi

Siku utakapoiondoa flashi juu ya kamera na kuiweka pembeni ya mtu, kwenye stendi na mwavuli mweupe, ndipo utakapoelewa kwa nini wapiga picha hawaishi kuzungumzia mwanga. Hata kama leo hufikirii hilo, nunua flashi yenye redio ndani yake. Ukinunua isiyo nayo utakuja kununua vipokezi vya kuning'iniza, vyenye betri zake, na kila kiungo kipya ni mahali papya pa kukatikia.

Njia mbadala ya bei nafuu ni jicho la mwanga, ambalo huandikwa S1 na S2. Flashi inaona flashi nyingine ikiwaka, nayo inawaka. S1 hujibu mmweko wa kwanza kuuona. S2 huvumilia mmweko wa kupimia wa TTL na kusubiri ule wa kweli. Ndani ya chumba kidogo inafanya kazi vizuri. Juani, au ukumbini wenye wapiga picha wengine, inavurugika, kwa sababu itaitikia flashi ya kila mtu.

Redio za kampuni moja hazisikilizani na za nyingine, hata zikiwa zote za 2.4 GHz. Kwa hiyo unapochagua flashi ya kwanza unachagua pia familia. Godox ina faida kwamba triga moja, X2T au XPro kwa mfano, inaongoza flashi ndogo za juu ya kamera na taa zake kubwa za studio pia. Ukikua, hutupi kitu. Yongnuo YN560 IV ina uzuri wake wa pekee: yenyewe inaweza kuwa triga na kuziongoza YN560 III na IV nyingine, kwa hiyo mwenye flashi mbili kama hizo anaweka moja juu ya kamera, nyingine pembeni, bila kununua kitu cha tatu.

Hatua ya 7: Betri, na hapa usibane pesa

Flashi nyingi za bei nafuu hutumia betri nne za AA. Betri za kawaida za alkali zimeandikwa volti 1.5 na za kuchaji za Ni-MH volti 1.2, kwa hiyo mtu hudhani za alkali zina nguvu zaidi. Ndani ya flashi ni kinyume chake. Flashi inavuta umeme mwingi kwa mkupuo, na alkali ina ukinzani mkubwa ndani yake. Kila unapoitumia ukinzani unaongezeka. Mwanzoni inajichaji kwa sekunde tatu nne, baada ya picha kadhaa ni sekunde nane, kisha kumi, na wewe umesimama mbele ya watu walioanza kupepesa macho. Ni-MH nzuri hutoa umeme wake karibu sawasawa hadi mwisho. Kwa TT600, Godox inataja takriban mimweko 230 ya nguvu yote kwa seti moja ya Ni-MH za 2500 mAh. Ukipiga kwa 1/4 unapata mingi zaidi ya hiyo.

Nunua nane, siyo nne. Andika herufi A kwa kalamu ya wino mzito kwenye nne, B kwenye nyingine nne, na usizichanganye kamwe, kwa sababu betri moja iliyochoka ndani ya seti huziburuta tatu zilizo nzima na yenyewe kuchemka. Chaja iwe ile inayochaji kila betri peke yake, siyo mbili mbili. Kuhusu uwezo, Eneloop za kawaida zina kama 2000 mAh na hutunza chaji miezi mingi zikiwa zimekaa tu. AA ya Ni-MH iliyoandikwa 4000 mAh ni uongo ulioandikwa kwenye karatasi. Uwezo halisi wa aina hiyo hauendi mbali kupita 2500 na ushee.

Ziko flashi zenye betri moja kubwa ya lithiamu, kama Godox V860III, ambayo imepangiwa kama mimweko 480 ya nguvu yote na kujichaji kwa sekunde 1.5. Ni raha kuifanyia kazi. Ni ghali zaidi pia, na betri ya akiba ni lazima uipate ya modeli hiyohiyo. Mwenye kazi za siku nzima aitafakari kwa uzito. Anayeanza abaki na AA.

Hatua ya 8: Ukinunua iliyotumika

Flashi iliyotumika inaweza kuwa ununuzi bora kuliko wote, mradi uikague kwa dakika kumi kabla ya kutoa pesa.

Fungua mlango wa betri. Unga mweupe au kijani kwenye vyuma unamaanisha betri zilivuja. Unga kidogo husafishika. Chuma kilicholika ni mwisho wa mazungumzo. Nusa hapohapo: harufu ya kuungua haiondoki, na haidanganyi. Tazama plastiki ya mbele ya kichwa: ikiwa imegeuka njano au kahawia katikati, flashi hiyo imepigishwa mfululizo kwa nguvu yote ikapikika. Tikisa mguu kidogo uone kama una ufa, maana ndipo flashi nyingi huvunjikia zikianguka.

Kisha weka betri zako mwenyewe, zilizojaa. Washa, sikiliza. Mlio mwembamba unaopanda ni wa kawaida. Bonyeza kitufe cha kujaribia kwa 1/1 mara kumi, ukisubiri kila mara taa ya tayari, na uhesabu sekunde. Zisizidi sana zile zilizoandikwa kwenye kitabu chake, na za mara ya kumi zifanane na za kwanza. Flashi iliyolala kabatini mwaka mzima huchelewa mara mbili tatu za mwanzo kwa sababu kapasita yake, yaani kile kinachotunza umeme wa mmweko, imesahau kazi, halafu hurudi. Ikiendelea kuchelewa, iache. Pitia nguvu zote kutoka 1/1 hadi 1/128 ukitazama ukuta: kila hatua mwanga lazima upungue. Badili zumu, usikie mota ikisogea bila kukwaruza.

Kwa flashi za zama za filamu kuna hatari nyingine. Zile za zamani zilipitisha volti nyingi kwenye pini ya mguu, kwa sababu kamera za wakati ule zilikuwa na swichi ya chuma tu. Vivitar 283 za mwanzo, zilizotengenezwa Japani, zinajulikana kwa volti zaidi ya 200. Kamera ya leo ina vifaa vya kielektroniki mahali pale, na vinaungua. Kipimo ni rahisi: washa flashi ijichaji, weka multimita kwenye volti za DC upande wa juu, waya mwekundu uguse pini ya katikati ya mguu, mweusi uguse chuma cha pembeni ya mguu. Chini ya volti 6, uko salama. Juu ya hapo, soma kitabu cha kamera kabla ya kuthubutu, na ikiwa ni mamia, isiiguse kamera yako kabisa.

Usifungue kifuniko cha flashi kwa bisibisi, hata ikiwa imezimwa na haina betri. Kapasita ya ndani hubeba volti 300 hivi na inaweza kukaa nazo kwa muda mrefu. Ni umeme wa kuua.

Hatua ya 9: Wiki ya kwanza

Siku za kuruhusiwa kurudisha zina mwisho, kwa hiyo itumie flashi mapema badala ya kuisubirisha kwa sherehe ya mwezi ujao. Piga picha ishirini za ukuta mmoja kwa nguvu ileile ya 1/4, kamera ikiwa kwenye meza, kisha zitazame zote pamoja. Zote zitoke mwanga mmoja. Moja nyeusi kati ya ishirini ni mguu usiokaza au pini chafu. Ifute kwa kitambaa kikavu, ukaze, urudie. Zikiendelea kuruka, irudishe.

Jaribu redio kutoka mwisho wa chumba, ukiwa umeipa flashi mgongo. Jaribu shata kwa ile kasi yako ya juu, halafu hatua moja zaidi, ili uuone ule mstari mweusi kwa macho yako na uutambue siku utakapojitokeza kwenye kazi.

Na uijue joto yake. Kitabu cha TT600 kinaonya usizidi mimweko 30 mfululizo ya nguvu yote, kisha uipumzishe dakika 10 angalau. Onyo hilo, au linalofanana nalo, liko kwenye vitabu vya flashi nyingi, na ndilo sababu ya zile plastiki za kahawia za Hatua ya 8. Ukijikuta unahitaji 1/1 kila picha, pandisha ISO kutoka 400 hadi 800. Flashi itashuka hadi 1/2 na picha itabaki na mwanga uleule.

Ukimaliza kazi, toa betri kabla ya kuihifadhi. Kila mwezi zirudishe, iache ijichaji, na uiwashe mara tano sita ili kapasita ibaki na uhai.